Vanishi Imebambuka Chini ya Mlango? Anza na Ukuta

SHEE: Karibuni. Leo tuna mlango wa chumbani katika nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani, Lamu. Mbao ni mbambakofi. Vanishi imebambuka kwenye miimo, zile nguzo za ubavuni, shibiri mbili kutoka sakafuni, na huku juu yang'aa kama jana. Bi Tima, fundi ashike nini kwanza?

TIMA: Ashike ukuta, kaka Shee. Ikibambuka chini peke yake, usiilaumu vanishi. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini, na maji hupanda na chumvi yake. Chokaa huyaachia yakauke usoni. Ukiuziba ukuta kwa saruji na rangi ya plastiki, maji hutafuta njia nyingine, na mwimo ndio ulio karibu.

SHEE: Kisha mwenye nyumba anunua kopo la bei kubwa zaidi.

TIMA: Na labambuka vile vile! Kwangua rangi na lipu ya saruji, mita moja kwenda juu, pande zote mbili za mlango. Piga lipu ya chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na ulinyunyizie maji siku kadhaa, lisikauke kwa pupa likapasuka. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa juu ya ukuta uliolowa, mara tatu au nne, kila mpako na siku yake.

SHEE: Sasa mbao. Vanishi ya zamani utaijuaje?

TIMA: Tone la thina mahali pasipoonekana. Ikilainika ndani ya dakika moja, ni ya selulosi. Ikijikunja polepole, yaelekea ni ya mafuta. Isipotikisika, huenda ni poliyurethani, nayo huondoka kwa skrepa na msasa.

SHEE: Kwenye nakshi msasa wa mashine marufuku, nasisitiza. Hula makali ya maua. Kunja msasa kwa mkono, na mswaki wa zamani kwenye mashimo. Namba 80 ni kwa vanishi nene tu. Kisha 120, 180 na 220, kufuata nyuzi za mbao. Ikiwa ni mvule, vaa barakoa, vumbi lake lakera kifua.

TIMA: Na doa jeusi kuzunguka misumari ya chuma?

SHEE: Hilo msasa haulitoi. Ni chuma na maji vimekutana na tanini ya mbao. Tia asidi ya oksaliki gramu 60 hadi 100 katika lita ya maji ya moto, paka kwa brashi, na glavu mkononi. Likififia, osha kwa maji yenye magadi kidogo, kisha maji safi. Acha pakauke kabisa.

TIMA: Mbao zenye mafuta, kama msaji na mvule, zipanguse kwa thina kabla tu ya kupaka, la sivyo vanishi hubaki yanata. Mpako wa kwanza wa vanishi ya mafuta: lita moja kwa robo lita ya tapentaini, uingie ndani ya mbao. Subiri saa 24, piga msasa 240, futa vumbi. Wa pili na wa tatu, tia tapentaini asilimia kumi tu.

SHEE: Katika nakshi vanishi hujikusanya mashimoni, ikawa machozi. Baada ya dakika chache pitisha brashi kavu uinyonye.

TIMA: Saa je?

SHEE: Anza saa tatu asubuhi umande umeisha, umalize saa nane. Vanishi ya selulosi kwenye unyevu mwingi hugeuka nyeupe: thina yaruka haraka, uso wapoa, maji ya hewani yanata. Ikishapauka, puliza ukungu mwembamba wa thina ya kukawiza ukaukaji, siku kavu. Mara nyingi weupe hutoka bila kukwangua. Na kabla ya kupaka, nyunyizia maji kwenye sakafu. Vumbi la njia za punda huingia hata mlango ukifungwa.

TIMA: Matambara yenye mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usiyarundike kwenye ndoo. Hujipasha moto yenyewe, yakawaka. Yatandaze uani, moja moja, mpaka yakauke.

SHEE: Na mabawa ya mlango yaache wazi siku tatu, vanishi isije ikagandana kwenye mfaa, ule ubao wa katikati.