Ufunguo Uko kwa Nani?

Assalam aleikum. Habari za jioni. Wakubwa zangu mlioko mbele, shikamooni.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa dakika nyingi kuliko zile alizonipa za kuzungumza. Namshukuru, ila nimsahihishe: mimi sikuwahi kuwa mwanamuziki maarufu. Nilikuwa fundi mitambo. Mwimbaji akisahau maneno, watu wanacheka naye. Spika ikilia mluzi, ukumbi mzima unageuka kunitazama mimi. Nimetazamwa hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Barua niliyoletewa inasema mada ni "Muziki wa hevi metali na maadili ya vijana". Nimeisoma, nikaikunja, iko hapa mfukoni. Mlionisikia Korogwe, na Muheza kabla ya hapo, mnajua nitakachosema, na kama mmekichoka mnisamehe, kwa sababu na mimi nimechoka kukisema. Nimezika bendi nyingi za miji midogo. Karibu zote zilikufa ugonjwa mmoja: mwenye ufunguo wa chumba chenye vyombo aliondoka na ufunguo wake.

Sasa naona nyuso zinauliza, metali ndiyo nini? Haraka haraka. Mjini Birmingham, Uingereza, kulikuwa na kijana anaitwa Tony Iommi, fundi wa kiwanda cha mabati. Ana miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio wa kubania nyuzi. Mwingine angeuza gitaa. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zaidi ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka, inakuwa nzito; uzito huo wa gitaa ndio metali. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Mwaka huohuo, msisahau, bendi ya mji wetu mdogo, Morogoro Jazz, ilikwenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Nitairudia hiyo Morogoro, mkinikumbusha.

Niende Indonesia. Magharibi ya kisiwa cha Java kuna wilaya ya Garut, na ndani yake kuna mahali panaitwa Singajaya. Ni wakulima. Ni Waislamu. Adhana, shamba, madrasa. Ukishushwa pale umefungwa macho unaweza kudhani uko mahali unapopajua. Mwaka 2014 wasichana watatu wa madrasa ya sekondari ya pale, wa miaka kumi na minne hivi, walianzisha bendi ya metali. Marsya anaimba na kupiga gitaa, Widi besi, Sitti dramu. Wote na hijabu zao. Wakajiita Voice of Baceprot, na hilo neno baceprot, kwa Kisunda cha kwao, ni kelele. Kwa hiyo bendi inaitwa Sauti ya Kelele. Nilipenda hapohapo. Mtu akija kukutukana kwamba unapiga kelele, anakuta umeshaandika mwenyewe mlangoni.

Mkono ule pale, naujua. Kila nikifika hapa mkono unanyanyuka, na swali ni la hijabu. Je, inafaa? Dada yangu, wale mabinti wameulizwa swali hilo katika kila nchi waliyokwenda, na mwaka 2022 walitoa wimbo ambao jina lake lenyewe ni dua, wanamwomba Mungu awaruhusu wapige muziki. Mimi siwezi kuwajibia vizuri kuliko hapo. Halafu tuko Tanga! Mji wa baikoko, ngoma ya kukata viuno! Watu wa Tanga leo mnataka kunihoji maadili ya gitaa? Na huku ndiko Black Star, bendi ya hapa, walikochukua taarab wakaitia gitaa la umeme na besi, Shakila akaimba, na leo tunaiita urithi wetu.

Nirudi. Mimi nikisoma habari za wale mabinti naangalia kitu kingine kabisa. Mtoto wa miaka kumi na minne hana gitaa. Hana amplifaya. Hana chumba, maana nyumbani analala na wadogo zake. Nani alifungua mlango? Alikuwepo mwalimu mmoja, wa ushauri nasaha, wanamwita Abah Erza, yaani baba. Wanafunzi hawa walikuwa wanamsumbua, si watoto wa kukaa kimya. Wakaukuta muziki kwenye kompyuta yake, nyimbo za bendi ya Marekani inayoitwa System of a Down, wakataka kujua ule mngurumo unatengenezwaje. Mwalimu angeweza kufunga kompyuta. Mwalimu wangu mimi angeifunga na kunipa fimbo juu. Huyu akawafundisha kupiga.

Zikaja shida. Nyumbani hawakufurahi mwanzoni. Wapo waliosema ni muziki wa shetani, na vitisho vikaja, kwa mabinti na kwa mwalimu. Wakaendelea. Mwaka 2018 wakatoa wimbo wao wa kwanza, unahusu shule, tena hausifii. Mwishoni mwa 2021 wakazunguka Ulaya. 2022 wakapanda jukwaa la Wacken, Ujerumani, ambalo kwa watu wa metali ni kama kuhiji, Mungu anisamehe kwa mfano huo. 2023 albamu, inaitwa Retas, na safari ya Marekani. Tarehe 28 Juni 2024 wakapiga kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, bendi ya kwanza kutoka Indonesia kufika pale. Miaka kumi kutoka chumba cha madrasa.

Mtaniambia, fundi, hao ni wenye bahati, Mungu kawapenda. Haya. Sasa niwape wasio na bahati, ambao niliwaona kwa macho yangu.

Mji mmoja wa reli, sitautaja maana wapo humu watu wake. Vijana wanne. Mmoja anachomelea mageti, mmoja bodaboda, mmoja mwalimu wa kujitolea, na wa nne mtoto wa mama lishe, huyo ndiye mpiga dramu, na mikono aliitoa kwenye masufuria, nawaapia. Dramu zilikuwa kwenye stoo ya ukumbi wa umma, zimeachwa na bendi iliyokufa zamani. Ufunguo alikuwa nao mzee mlinzi. Mzee hakujua metali wala hakuitaka, aliwaambia waziwazi kwamba wanapiga kama watu wanaohama nyumba. Lakini kila jioni wanamletea chai na vitumbua viwili, naye anafungua. Mwaka mzima na nusu! Vitumbua viwili kwa siku, hiyo ndiyo ilikuwa bajeti ya utamaduni ya mji ule.

Mzee akastaafu. Akaja mwingine, kijana, ana kitabu cha risiti. Shilingi elfu kumi kwa siku. Vijana wakahamia kwenye karakana ya yule mchomeleaji. Dramu zikabaki stoo, wakawa wanapigia pipa na bati. Na shida ya karakana ni umeme: mashine ya kuchomelea na amplifaya ziko kwenye laini moja. Jirani akianza kuchomelea, umeme unazama, amplifaya inanguruma peke yake bila mtu kugusa gitaa. Waliniita niende kurekebisha. Nikafika, nikasikiliza, nikawaambia hii sauti kuna watu Ulaya wananunua vifaa vya bei ili waipate, mnataka niitoe? Tukaiacha.

Onyesho lao la kwanza la kulipwa lilikuwa harusi. Mwenye shughuli alisikia kuna "bendi", hakuuliza bendi ya nini. Wakafunga vyombo, dramu za kukodi, wakapiga wimbo wa kwanza. Ukumbi kimya. Bibi harusi amefunga macho. Shangazi mmoja, mnene, ana kanga mbili, akaja mpaka mbele, nikajua sasa tunapigwa. Akasema, wanangu, taarab hamjui? Wale vijana wakatazamana. Yule wa gitaa mama yake alikuwa mpenzi wa taarab, anazijua zote. Akaanza, taratibu, halafu dramu zikaingia na ule uzito wao, na yule mwalimu wa kujitolea akaiimba kwa sauti ya kutoka tumboni kama simba mwenye mafua. Shangazi akatunza! Noti kwenye paji la uso la mpiga besi, jasho likaishika. Wakaombwa kurudia mara tatu. Mimi nimefunga vyombo kwa bendi kubwa za nchi hii na sijaona ukumbi wa namna ile.

Walipata harusi mbili zaidi. Kisha mchomeleaji akaitwa kazi Dar es Salaam. Gitaa lilikuwa lake, amplifaya yake, karakana yake. Akaondoka navyo, na ni haki yake, mimi simlaumu. Bendi ikaisha siku ya Jumanne. Hakuna aliyegombana na mtu. Hakuna shehe aliyewakemea, hakuna mchungaji, hakuna afisa. Kulikuwa na watu watatu wamesimama barabarani na bati.

Ndiyo maana nikiletewa barua ya maadili naikunja.

Morogoro, ahsante mzee, nilikuwa nimesahau. Wazee wa dansi mlioko hapa mnajua mfumo wetu. NUTA Jazz, 1964, vyombo vya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara wa mwezi, na akihama anaacha gitaa. Tuliwacheka sana, "wanamuziki wanahamahama kama ndege". Lakini tazameni: mtu anahama, gitaa linabaki, kesho kijana mwingine analishika. Chama kimebadilika jina, JUWATA, OTTU, bendi imebadilika nacho, na mpaka leo mnaijua kama Msondo. Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, lakini kipaji chake alikuwa ameshakikomaza kwa vyombo vya bendi ya mji. Sisemi ule mfumo ulikuwa mtamu. Mwenye vyombo aliweza kukunyanyasa, na aliweza kufunga mlango siku moja ukakuta kufuli jipya. Nasema chumba kilikuwepo.

Kuna kijana aliniambia kule Muheza, mzee, siku hizi kompyuta inatosha. Kweli, walikuwepo Duma wa Nairobi, watu wawili tu, mmoja sauti, mwingine mashine na gitaa, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ukiisikiliza usiku hulali. Nawaheshimu. Lakini kompyuta nayo ni ya mtu, na inafungiwa chumbani kwa mtu. Na wale walikuwa wa Nairobi, jiji. Mimi nazungumzia mji wenye taa moja ya barabarani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na Botswana hapa. Kwa ufupi: Ghanzi, mji wa ng'ombe kwenye Kalahari, kuna Overthrust, wanapiga metali nzito kabisa tangu 2008, mashabiki wanavaa ngozi na kofia za wachunga ng'ombe. Badala ya kungoja mji mkuu uwaite, wakaanzisha tamasha lao palepale Ghanzi, wakati wa baridi, watu wakafunga safari kwenda jangwani. Na wao walifika Wacken, 2016. Ingefaa niwaeleze zaidi, ndiyo hivyo, dakika zangu zimeliwa na vitumbua. Mikataba na hakimiliki naziruka, mtasoma wenyewe.

Jambo moja la mwisho halafu nakaa. Leo nimewahi kufika. Nikatafuta choo, nikapita nyuma ya jukwaa hili, kuna mlango wa stoo una kidirisha kidogo. Nikachungulia. Mle ndani, chini ya mapazia ya zamani, kuna dramu. Dramu kubwa, ndogo mbili, na sahani moja imesimama. Ngozi ya ile kubwa bado nzima. Nimemuuliza dada wa mapokezi, kasema hajui ni za nani, alizikuta. Nimemuuliza mhudumu, kasema ufunguo anao mtu fulani wa ofisi, na mtu huyo yuko Pangani mpaka Jumatatu.

Humu kuna vijana zaidi ya thelathini. Mimi basi langu ni saa mbili usiku. Hapo nje nina kisanduku changu cha bisibisi na nyaya, na afisa utamaduni yuko pale mstari wa mbele, naona ana simu mkononi. Afisa, kwa heshima zote, naomba umpigie huyo mtu wa Pangani sasa hivi, tukiwa wote tunasikia.