Mama ana sukari na presha, unataka kumleta Marekani: ada ya bima yake inahesabiwaje

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine, mambo vipi? Leo naongea na familia ambayo mtoto yuko huku Marekani na ameshaanza kusema, "Mama, njoo ukae na wajukuu." Mama mwenyewe ana miaka 68, anameza metformin asubuhi na jioni, na amlodipine moja ya presha. Swali ni lile lile: bima yake itakuwa bei gani?

Kabla ya umri na kabla ya ugonjwa, kinachoamua ni karatasi aliyoingilia nayo. Mama yule yule, na sukari ile ile, atahesabiwa kwa njia tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Wakenya mmezoea SHA, bima ya afya ya serikali, inakata asilimia 2.75 ya kipato, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi, na haikuulizi una miaka mingapi wala unaumwa nini. Huku sahau hiyo.

Tuanze na viza ya matembezi, ile B-2. Mgeni wa matembezi hahesabiwi kuwa mkazi wa jimbo, kwa hiyo kwenye soko la bima la serikali haingii. Inabaki bima ya wageni, inayouzwa mtandaoni na kulipiwa kwa siku. Unajaza umri na tarehe, bei inatokea hapo hapo. Bei inaruka kwa makundi ya umri, na mtu akivuka 70 vitu viwili vinatokea kwa pamoja: ada inapanda na dari ya malipo, yaani kiasi cha juu kabisa bima itakacholipa, inashuka. Mtu wa miaka 50 anaweza kununua dari ya nusu milioni ya dola, wa miaka 72 mara nyingi atawekewa laki moja au elfu hamsini, na akivuka 80 dari inakuwa ndogo zaidi.

Sasa sikiliza hapa. Ile fomu haikuuliza kama mama ana sukari. Usifurahi. Hawakuuliza kwa sababu hawana mpango wa kuilipia. Ngoja nisogeze kamera muone: huu ni mfano wa mkataba, shuka mpaka sehemu ya mambo yasiyolipiwa, mstari huu unasema ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima kuanza haulipiwi. Halafu chini yake kuna mlango mdogo: mlipuko wa ghafla wa ugonjwa wa zamani. Maneno ya mlango huo yana masharti, na kila neno lina kazi. Ghafla, bila dalili za awali. Baada ya bima kuanza. Mgonjwa atafute matibabu ndani ya saa 24. Usiwe ugonjwa unaozidi taratibu. Na mikataba mingi inaufunga mlango huu kabisa ukifika umri fulani, 70 au 80.

Kwa hiyo mama akipata kiharusi cha ghafla mezani, kuna la kudai. Sukari ikipanda siku tatu mfululizo huku mnampa maji na kusubiri, hakuna. Kidonda cha mguu kilichoanza kabla ya safari, hakuna. Na msidhani hawatajua. Madai yakiwa makubwa wanaomba rekodi za kliniki ya nyumbani, na ile kadi ya kliniki yenye vipimo vya miaka sita inasomwa ukurasa kwa ukurasa.

Ukinunua, angalia pia ni ya aina gani. Kuna ile inayolipa kiasi maalumu kwa kila huduma, kwa mfano dola kadhaa kwa siku ya kitandani, basi, hata bili ikiwa mara kumi. Hiyo ndiyo ya bei rahisi, na ndiyo watu wanaikimbilia. Nyingine mnaanza kwa kujilipia kiasi mlichochagua, kisha inalipa sehemu ya bili, mara nyingi asilimia 80 mpaka bili ifike dola 5,000, halafu yote mpaka kwenye dari. Ukichagua kujilipia zaidi mwanzoni, ada inashuka. Kwa mzee, mimi ningeshusha ada kwa njia hiyo kuliko kushusha dari.

Hospitali ya dharura haitamfukuza. Sheria ya mwaka 1986 inazilazimu idara za dharura za hospitali zinazopokea Medicare, bima ya serikali ya wazee, kumpima na kumtuliza mgonjwa bila kuuliza pesa kwanza. Lakini bili inafuata nyumbani.

Mama aje na dawa za siku 90, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni tu. Na kuhusu kile kipima sukari: nyumbani tunasoma mmol, huku wanasoma mg. Mama akimwambia nesi "nina saba", nesi ataruka, maana saba ya huku ni mtu aliye taabani. Zidisha kwa 18. Saba ni 126.

Haya, tuje kwenye kadi ya kijani. Mama ameingia kama mkazi wa kudumu. Hapa watu wanadhani Medicare inaanza siku akitimiza 65. Haianzi hivyo. Kama hajafanya kazi huku, anatakiwa awe na 65 na awe mkazi wa kudumu aliyeishi hapa miaka 5 mfululizo. Na kazi ya mtoto haihesabiki! Umelipa kodi miaka 20, hongera, lakini robo zako, zile alama za kazi iliyokatwa kodi, ni zako. Zinazoweza kumsaidia ni zake mwenyewe au za mume wake.

Miaka hiyo 5 ya kungoja ndiyo soko la bima linafaa, HealthCare.gov au tovuti ya jimbo lenu. Tangu 2014 kampuni haziruhusiwi kupandisha ada kwa sababu ya ugonjwa, wala kukataa kulipia sukari uliyokuja nayo. Zinaruhusiwa kuangalia umri, mahali unapoishi, na tumbaku. Kwa umri, mtu wa 64 na kuendelea hatozwi zaidi ya mara 3 ya kijana wa 21, kwa hiyo mama wa 68 na jirani yake wa 64 ada yao ni sawa. New York na Vermont hazitazami umri kabisa. Akipata kadi ya kijani ana siku 60 za kujiunga nje ya msimu. Zikipita, mnangoja msimu wa kawaida unaofunguliwa tarehe 1 Novemba.

Ada kamili ya umri huo inauma, ndiyo maana ruzuku ni muhimu, na hapa 2026 imebadilisha mambo. Zamani mkazi mpya mwenye kipato cha chini ya mstari wa umaskini aliweza kupata ruzuku. Kuanzia 2026 hapati. Mama anayejaza fomu peke yake na kipato sifuri anaangukia shimoni: Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa kawaida inamwambia ngoja miaka 5, ruzuku inamwambia kipato chako kidogo mno.

Njia ya kutoka ni fomu ya kodi. Kama kipato cha mama ni kidogo na wewe ndiye unabeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, mwandike kama tegemezi wako. Hapo kinachohesabiwa ni kipato cha kaya nzima. Tuseme mko watano pamoja naye na kaya inaingiza dola 90,000. Mchango wenu unakuwa karibu asilimia 8, yaani 7,200 kwa mwaka, 600 kwa mwezi. Kama mpango wa daraja la Silver, ule wa kulinganishia ruzuku, kwa umri wa mama ni 1,300 kwa mwezi, ruzuku inabeba 700. Lakini kaya ya watano ikivuka dola 150,600 kwa bima ya 2026, ruzuku yote inapotea, hata mkivuka kwa dola moja. Mwenye saa za ziada kazini aiangalie namba hiyo mwezi wa Oktoba, asingoje Aprili ya kujaza fomu za kodi.

Miaka 5 imetimia. Medicare ya 2026: Sehemu B, ya madaktari, ni dola 202.90 kwa mwezi. Sehemu A, ya kulazwa, ni bure kwa mwenye robo 40. Mwenye robo 30 hadi 39 analipa 311, na chini ya hapo 565. Mama asiye na robo hata moja na anayetaka zote mbili ni 767.90 kwa mwezi, bila dawa. Sukari haiongezi hata senti. Mzee anayeweza kufanya kazi ndogo ajue kuwa robo moja ya 2026 ni mapato ya dola 1,890 yaliyokatwa kodi, na 7,560 kwa mwaka zinampa robo zote 4.

Ana miezi 7 ya kujiandikisha: mitatu kabla ya mwezi anaostahili, wenyewe, na mitatu baada. Akichelewa, Sehemu B inaongezeka asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili, na nyongeza hiyo haiondoki. Miaka 2 ni kama dola 40 kila mwezi, maisha yake yote. Safari za nyumbani nazo mzihesabu: kukaa huko zaidi ya miezi 6 mfululizo kunaweza kuvunja ile miaka 5.

Kwa mwenye ugonjwa sugu, kitu ambacho wengi wanakikosa ni Medigap, bima ya kuziba ile asilimia 20 ambayo Sehemu B hailipi. Kuinunua anahitaji kuwa na A na B zote. Kwa miezi 6 tangu Sehemu B ianze, kampuni hairuhusiwi kumkataa wala kumpandishia kwa sababu ya sukari. Mwezi wa saba, katika majimbo mengi, wanaleta dodoso la afya, na swali la insulini liko juu juu. New York na Connecticut mlango hauna tarehe. Kabla hujasaini, muulize wakala ada inapangwaje: inayopanda kila mwaka na umri wa mteja ndiyo inayoonekana rahisi akiwa 66, akifika 80 utatafuta pa kuikimbilia.

Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, programu inaitwa SHIP, hawauzi bima yoyote. Wapigie simu ukiwa na kadi ya mama mkononi, tarehe ya Sehemu B imeandikwa pale chini kulia, na omba mkalimani wa Kiswahili ili mama aulize mwenyewe.