Tunayapimaje Mashimo Meusi Tusiyoyaona?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mwanza, karibuni.

Naanza na jambo mnalolijua kuliko mimi. Mvuvi wa dagaa akiwa ziwani usiku wa giza husikia mashine ya mtumbwi asiouona. Kwa mlio tu atakwambia: ule umesheheni, ule mtupu, ule bado uko mbali. Mashimo meusi nayo, yale maumbo ya angani yenye mvutano mkali hata nuru haichomoki, tunayapima hivyohivyo. Hayatoi nuru, kwa hiyo tunayasikiliza.

Tarehe 14 Septemba 2015, saa sita na dakika hamsini mchana kwa saa zetu, huku kwetu kampeni za uchaguzi zimepamba moto, mitambo miwili ya LIGO kule Marekani ilinasa wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyozungukana hadi yakaungana. Kila mtambo una mikono miwili ya kilometa 4, na leza hupita humo kupima kama mmoja umerefuka na mwenzake kufupika. Badiliko lilikuwa dogo kuliko sehemu moja ya mia ya upana wa protoni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu! Nimelisoma hili mara nyingi, na bado linanisisimua.

Wimbi hilo likigeuzwa sauti, mlio wake ulidumu sehemu ya tano ya sekunde. Ulianza na mitetemo 35 kwa sekunde, ukapanda hadi 250, kisha kimya. Siri yote imo katika kupanda huko. Mashimo mawili yanayozungukana hupoteza nishati kwa mawimbi, husogeleana, na yakisogeleana huzidi mbio. Yakiwa mazito, mlio hupanda upesi na hukatika ungali wa besi. Yakiwa mepesi, hupanda taratibu hadi sauti nyembamba. Basi wanasayansi wakatengeneza kwa kompyuta milio ya kila namna, wakailinganisha na ule ulionaswa. Shimo moja likaonekana lina uzito wa majua 36 hivi, la pili 29, na lililozaliwa 62.

Jumlisheni wenyewe: 36 na 29 ni 65. Majua 3 yako wapi? Yaligeuka nishati, yakasambaa angani kama mawimbi.

Mkishajua uzito, mnajua wimbi lilitoka na nguvu gani. Mkipima udhaifu wake lilipofika, mnapata umbali: miaka ya nuru bilioni 1.3 hivi, yaani nuru husafiri miaka yote hiyo kutufikia. Lakini hapa pana mtego. Mashimo yanayozungukana yakiwa yametugeuzia ubavu, wimbi hutufikia hafifu, na yaliyo karibu yakadhaniwa yako mbali. Ndiyo maana mimi huuamini uzito kuliko umbali.

Mwelekeo nao ulikuwa mgumu. Kati ya mitambo ile miwili ya LIGO, ule wa Livingston ulisikia mapema kuliko wa Hanford kwa milisekunde 7 tu, na masikio mawili hayatoshi. Agosti 2017, mtambo wa Virgo wa Italia ulipoungana nao kusikia muungano mwingine, eneo la anga la kutafuta lilipungua karibu mara 20.

Sasa maswali, na naomba waanze wavuvi.