Simu ya Mama

Mazungumzo na wazazi, Kisauni, Mombasa, Jumamosi alasiri

Asalaam aleikum, na ndugu zetu Wakristo, hamjambo nyote. Nashukuru kuitwa. Mwalimu mkuu amenipa muda mpaka Maghrib, na ameniandikia mambo matatu kwenye karatasi: masomo, afya, na usalama wa watoto mtandaoni. Nitayagusa yote. Lakini mnaonijua mwajua nitaanzia wapi. Nimelisema hili Likoni, nimelisema Majengo, nimelisema Changamwe, na bado kila niendapo mzazi hunijia na kuniambia, "Mwalimu, mimi mtoto wangu hana simu."

Haya, hana simu. Homuweki ya jana aliipata wapi?

Kwenye gurupu ya darasa, WhatsApp. Gurupu iko kwenye simu ya nani? Yangu. Na wewe ulipokuwa nje unakaanga viazi, simu ilikuwa wapi? Ndani, naye. Basi mama, mtoto ana simu. Anayo kuanzia saa 12 jioni mpaka unapozima jiko, na hayo ni masaa mengi kuliko anayokaa na mwalimu wa hesabu kwa juma zima.

Na ndani ya simu hiyo mtoto hana umri wake. Ana umri wako. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Facebook na TikTok hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti. TikTok humfungia ujumbe wa faragha aliye chini ya miaka 16, mtu asiyemjua asiweze kumwandikia pembeni. Hizo ni kuta, tena nyingine ni kuta nzuri. Lakini zote zinasimama juu ya kitu kimoja, tarehe ya kuzaliwa. Tarehe iliyoandikwa kwenye simu yako ni yako wewe, ya mwaka 1986. Kwa hivyo mwanao wa gredi 5 akiifungua, mtandao unamwona mama mtu mzima. Ujumbe uko wazi, video za watu wazima ziko wazi, matangazo ya kamari na ya mikopo yanamjia. Hakuna aliyevunja mlango. Mtoto amepita na kitambulisho chako.

Nitawapa kisa. Wengine mshakisikia, nivumilieni, maana kila nikikisimulia kuna mtu hunifuata baadaye akaniambia hicho ndicho cha nyumbani kwake.

Nilikuwa bado nasomesha. Darasa la 6, msichana mmoja, simtaji, na skuli siitaji. Mtoto wa kukaa mbele, hati nzuri, madaftari yote yamefunikwa kwa gazeti. Muhula wa pili akaanza kusinzia. Mwanzo ilikuwa baada ya mapumziko ya saa 4. Baadaye hata hesabu ya asubuhi haimkuti macho. Kichwa juu ya dawati, mate yanamtoka, wenzake wanacheka. Nikadhani njaa. Nikawa namwekea hamri na chai ofisini. Anakula, anashukuru, analala. Nikadhani malaria, nikamwandikia mama yake barua. Mama akampeleka kupimwa, akalipa, malaria hakuna. Akaambiwa huenda ni damu, ampe mboga za majani na maini. Mama akanunua maini. Huyu ni mwanamke anayeuza viazi karai na bajia barazani mpaka saa 4 usiku, ndiyo riziki yao, na pesa za maini alizitoa kwenye unga wa dengu wa kesho yake.

Siku moja nikamweka pembeni, chini ya mwarobaini, nikamuuliza: "Mwanangu, usiku walala saa ngapi?" Akaniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Akasema, "Nikishajibiwa."

Ukishajibiwa na nani?

Facebook ya mama. Jina la mama, picha ya mama, nusu ya uso ndani ya buibui. Mtu alituma salamu, na mtoto akaitikia, kwa kuwa tumemfundisha sisi wenyewe kwamba salamu huitikiwa. Haukupita muda yule mtu akajua anayezungumza naye ni mtoto, na badala ya kuondoka, akasogea. Hakuanza na uchafu. Alianza na "Umekula?" Alianza na "Homuweki umemaliza?" na "Mama bado yuko nje?" Kwa majuma matatu, wazazi wangu, mtu huyo ndiye aliyekuwa akimuuliza mtoto yule kila usiku kama amekula. Akamtumia bando ya shilingi 50. Akamwambia, usimwambie mama, atakunyang'anya simu. Halafu akaomba picha yake na sare. Halafu akaomba nyingine, isiyokuwa na sare.

Hiyo hakuituma. Alhamdulillahi, mpaka leo nashukuru kwamba siku ile nilimuuliza.

Nilipomwambia twende kwa mama, alilia kilio sijapata kukiona darasani. Nikamwambia yule mtu hatakufikia. Akasema, "Simuogopi yeye. Mama atachukua simu, na mimi homuweki nitaipata wapi?"

Mama akaja na mikono ina unga. Akasoma. Katika dakika moja, nikiwa bado natafuta kiti cha kumkalisha, alifuta kila kitu: mazungumzo, akaunti, na ile namba iliyotuma bando. Kisha akainua mkono ampige mtoto. Ule mkono niliushika mimi. Tulipofika kwa afisa wa watoto, la kwanza alilouliza ni jina la akaunti, la pili ni namba. Hatuna. Picha ya mazungumzo? Hatuna. Tukarudi nyumbani, na yule mtu yuko huko aliko, hajaguswa, na huenda usiku huu anamuuliza mtoto mwingine kama amekula.

Simlaumu yule mama. Mimi mwenyewe wakati ule nisingejua. Lakini sasa twajua, kwa hivyo sikilizeni. Ukiyakuta mambo kama hayo, kwanza usifute. Piga picha ya skrini, yaonekane jina, namba, tarehe na maneno. Kisha ndiyo umzuie. Na kama kuna picha ya mtoto akiwa uchi, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa dada yako ukitaka ushauri, kwa sababu ukishaituma umeisambaza. Chukua simu yenyewe kama ilivyo, nenda nayo kituo cha polisi, uliza dawati la watoto. Au piga 116. Ni bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe aweza kupiga. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto na unyanyasaji wa mtandaoni kama inavyomlinda na wa nyumbani na wa njiani.

Najua kuna baba hapa anasema moyoni, aibu ya nyumba yangu niipeleke polisi? Baba, aibu ni ya yule mtu mzima aliyemtafuta mtoto usiku. Mwanao hana aibu yoyote hapo.

Na la pili ni hili la kumwambia mtoto "lete simu". Nilipolisema Mtongwe, mzee mmoja alisimama akaniambia, "Mwalimu, wewe wataka tuwaachie watoto wafanye watakavyo." La, mzee wangu. Mpangie saa, mkatalie, mwambie hapana mara mia. Ninachokuomba ni kitu kimoja: siku atakayokuja mwenyewe kukuambia jambo la kumtisha au la kumtia haya, siku hiyo usimpige na usimnyang'anye. Fikirini yule mtu alimwambia nini mtoto. "Atakunyang'anya simu." Hakuwa na silaha nyingine zaidi ya hiyo sentensi, na alikuwa na hakika nayo, kwa sababu anatujua. Anajua tutakavyofanya kabla hatujafanya. Mimi nataka akosee. Nataka mtoto wa Kisauni aambiwe hivyo ajibu, "Mama alishaniambia hataichukua." Lakini ili mtoto aweze kujibu hivyo lazima uwe umemwambia mapema, leo, mkila, kabla hakujatokea lolote.

Wengine watasema, mimi simu hizi sizijui, mtoto ndiye anayenionyesha. Sawa, na akuonyeshe. Kaa naye umwambie, "Hebu nionyeshe wewe huangalia nini." Ukimtuma Kongowea na akachelewa, si wamuuliza alipitia wapi, alikuwa na nani, nani alimpa hiyo peremende? Maswali ni hayo hayo. Kuuliza hujasahau.

Haya, simu yenyewe. Baadhi ya simu za Android, ukiingia kwenye mipangilio, zina mahali pa kuongeza mtumiaji wa pili. Mfungulie mtoto nafasi yake humo, yako ibaki na nywila. Simu isiyokuwa na hiyo, nyingi zina njia ya kuifunga ibaki kwenye programu moja tu: unampa homuweki, hawezi kutoka pale bila namba yako. Mwenye uwezo wa kumpa mtoto kisimu chake, basi akaunti iandikwe mwaka wake wa kweli, na kuna programu ya bure ya Google iitwayo Family Link, wewe ndiwe unayekubali anachopakua na saa ya simu kuzima. Na namba ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kila mtoto ndani ya ukumbi huu anaujua mwaka wa mamake.

Saa inakwenda. Afya. Nitasema usingizi, maana ndiyo niliyoiona kwa macho. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 mpaka 12. Pigeni hesabu wenyewe. Huku kwetu mtoto huamshwa saa 11 alfajiri. Ili apate masaa 9, na hayo ndiyo ya chini kabisa, awe amelala saa 2 usiku. Ametoka skuli, ameingia chuo cha Kurani, ametoka chuoni Maghrib, ameoga, amekula. Homuweki ataifanya lini? Na hapa nawageukia walimu wenzangu mliokaa kule kando: homuweki inayotumwa kwenye gurupu saa 3 usiku ni ya nani? Mzazi anaamka kuitafuta bando, mtoto aliyelala anaamshwa, au halali kabisa akisubiri mwalimu atume. Iandikeni ubaoni, mtoto ainakili, aje nayo nyumbani ndani ya daftari. Mkifanya hilo moja, mtakuwa mmeiondoa simu mikononi mwa watoto zaidi kuliko kwa mhadhara wangu wowote. Ikibidi kutuma, itumwe kabla ya saa 12 jioni. Nililiomba hili mwaka jana, na nitaliomba tena mwaka ujao.

Wenye wasichana wa miaka 10: chanjo ya HPV, ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa mwaka 2019, na kwenye zahanati za serikali ni bure. Yale maneno kwamba inafunga kizazi hayana ukweli. Mwenye wasiwasi akamuulize muuguzi uso kwa uso, asiulize gurupu. Niliandika pia habari ya kiamsha kinywa na ya macho. Nayaacha, muda hautoshi.

Picha. Siku ya mtoto kuanza gredi 1 kila mtu anapiga picha, sare mpya, beji ya skuli, jina limeshonwa kifuani. Inatiwa mtandaoni kwa watu wote waione, na chini mtu ameandika, "Mama fulani, hongera, kumbe mwasoma pale karibu na msikiti?" Yule mtu wa "umekula" hahitaji zaidi ya hapo. Tuma kwa nyanya yake, tuma kwa ami yake aliye Dubai, hao watafurahi. Na skuli nayo isitie picha ya mwanao popote bila idhini yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hivyo, na mwaka 2023 kuna skuli nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa jambo hilo hilo. Kwa hivyo ukikataa usione haya, una haki.

Ustadh ananionyesha saa, namuona. Bado jambo moja, na hili si la kwenda kulifanya nyumbani. Toeni simu. Wote, akina baba pia. Fungua Facebook au TikTok, ile mtoto anayoishika. Ingia palipoandikwa habari zako, tazama tarehe ya kuzaliwa. Kisha ingia kwenye ujumbe, kule kwenye maombi ya watu usiowajua, watu wengi hawajapafungua kamwe. Soma majina. Ukiona mazungumzo usiyoyakumbuka, usifute, na usimpigie mtoto simu sasa hivi kumgombeza. Njoo nayo hapa mbele.

Aliyekwama anyooshe mkono. Nyinyi wa pembeni, saidianeni. Mama mwenye leso ya manjano pale nyuma, nakuona. Kaa hapo hapo, nakuja.