Samadi ya Mifugo, Mahindi ya Mazao

Mliokwisha kunisikia mniwie radhi. Leo tena naanzia nyuma ya banda la ng'ombe: mifugo na mazao vinapaswa kulishana, nasi tumevitenganisha.

Chuo kimoja cha kilimo nilichofundisha, sikitaji, banda lake lilikuwa na sakafu safi ya saruji yenye mteremko. Mteremko kwenda wapi? Mtaroni, na mtaro mtoni. Samadi ilirundikwa nje, ikanyeshewa masika yote. Hatua mia kutoka pale, stoo ya idara ya mazao imejaa mifuko ya urea, mbolea ya dukani. Nikamuuliza bwana shamba, vipi? "Mwalimu, ile samadi ni ya mifugo." Ya mifugo! Bwana mifugo naye akitaka mabua ya kulishia, sharti aandike barua. Mabua yakachomwa moto barua ikiwa bado mezani. Mnacheka? Barua kama hizo hapa pia zipo, nimeziona.

Najua yupo anayenung'unika: mfuko mmoja wa urea, kilo 50, una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, samadi nitasukuma matoroli mangapi? Mengi. Sijasema mkatupe urea. Nasema karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe imo kwenye mkojo, na mkojo huo ndio tumeujengea mtaro! Tandazeni mabua bandani yaunywe, kisha rundo lifunikwe. Kwa hilo pia tusubiri mfadhili?

Wachagga wa Kilimanjaro waliyamaliza haya zamani kihambani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba. Ng'ombe yuko ndani, anakatiwa majani na magogo ya migomba, samadi inarudi kwenye migomba na kahawa. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo duniani. Mtasema kule kuna mvua. Sawa, kuna mvua; lakini anayelisha ng'ombe na anayepalilia migomba ni mama yule yule, haandikiani barua.

Naoneshwa saa. Basi haraka: tope linalotoka kwenye mtambo wa biogesi ni mbolea, msilimwage. La bwawa la samaki hivyo hivyo, mkilikausha. Desmodiamu, mmea wa malishe wa jamii ya kunde, kati ya mahindi na majani ya tembo pembezoni hupunguza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na bungua, mdudu anayetoboa mabua, na ng'ombe anapata malishe. Nendeni kwenye kituo cha utafiti cha Mbita, Kenya, mkaone. Kuhusu kuku nilikuwa na kurasa tatu, nawasamehe.

Kabla ya maswali: ufunguo wa stoo ya mabua anao nani? Bwana shamba, wewe? Na bwana mifugo yuko wapi? Kule nyuma kabisa. Hebu njoo ukae hapa karibu naye.