Viini kumi na kimoja

Mhadhara kwa wazee wastaafu, Tanga, baada ya chai ya saa nne

Shikamooni wakubwa zangu. Na wale tulio rika moja, hamjambo.

Niliombwa nizungumze juu ya moyo, na nimekuja na karatasi zangu hizi hapa. Lakini nimekaa pale pembeni wakati wa chai nikaona jambo, basi karatasi nimeziweka kando. Tumeandaliwa chai ya tangawizi, maandazi, kachori na mayai ya kuchemsha. Mimi nimestaafu kazi ya lishe ila macho yangu hayajastaafu, na hayana adabu: yanatazama sahani za watu. Nimehesabu viini kumi na kimoja vimeachwa kwenye visosi. Ute umeliwa, kiini kimebaki peke yake, mviringo, na kimoja kina kovu la kijiko. Visosi hivyohivyo havina hata chembe ya andazi. Kachori ndiyo usiseme, dada wa jikoni ananiambia amekaanga mara mbili.

(Kicheko.)

Chekeni tu. Mimi sicheki, kwa sababu aliyewafundisha kuacha kiini namjua. Ni mimi na wenzangu.

Nilianza kazi hospitalini mwaka 1986. Tulikuwa na karatasi moja ya kupigwa chapa, imechoka, tunamsomea kila mwenye presha: chumvi punguza, nyama nyekundu punguza, mayai viini vitatu kwa wiki, na ukiweza acha kabisa. Niliisoma karatasi ile mpaka nikawa naisema usingizini. Na nyumbani nilikuwa na mgonjwa wangu mwenyewe, marehemu baba. Alikuwa karani wa reli, mtu wa mpangilio, ukimwambia jambo anashika. Nilipomwambia kiini kibaya, basi. Kila asubuhi analipasua yai, anakitoa kiini kwa ncha ya kijiko kama fundi saa, anakiweka ukingoni mwa sahani, na mjukuu yuko chini ya meza anasubiri. Miaka minane. Baba akila ute, mkate mkavu na chai ya rangi, mimi nikijiona nimemlinda. Mkanda wake uliongezwa tundu mara mbili, kwa msumari. Sisemi mayai yangemwongezea siku. Nasema nilimnyima chakula kizuri kwa kanuni ambayo sikuwahi kuuliza imetoka wapi.

Nilipokuja kuuliza, nikakuta imetokea kwa sungura.

Mwaka 1913, mji wa St Petersburg, Urusi, daktari mmoja kijana, Nikolai Anichkov, pamoja na mwenzake, walichukua kolesteroli iliyochujwa kutoka kwenye viini vya mayai, wakaiyeyusha kwenye mafuta ya alizeti, wakawalisha sungura. Kolesteroli vitabuni mtaikuta inaitwa lehemu. Mtaani tunasema tu "mafuta kwenye damu", ingawa si sahihi sana. Baada ya wiki kadhaa mishipa ya sungura ikawa na utando wa njano ukutani, kama ule unaokutwa kwa watu waliokufa kwa moyo. Ilikuwa kazi kubwa, na hata leo inaheshimiwa, maana ndiyo iliyotuonyesha kwamba kolesteroli inahusika na ugonjwa wenyewe. Lakini sungura anakula majani. Toka Mungu amuumbe hajawahi kukutana na yai. Mwili wake haujui pa kuipeleka kolesteroli ya kula. Walipojaribu kwa mbwa na panya, mambo hayakwenda vile.

Miaka ikapita. Marekani, baada ya vita, wanaume wa makamo wakawa wanaanguka kwa shambulio la moyo, taifa limeshikwa na hofu. Mwaka 1968 American Heart Association, chama chao cha moyo, kikatoa kikomo: kolesteroli ya chakula isizidi miligramu 300 kwa siku, na viini visizidi vitatu kwa wiki. Yai moja kubwa lina miligramu 186 hivi, kwa hiyo mawili tu umeshapita. Machi 1984 jarida la Time likaweka jaladani sahani ya kifungua kinywa: mayai mawili ndiyo macho, kipande cha nyama ya nguruwe ndiyo mdomo, umenuna. Miaka miwili baadaye mimi hapa nikapewa karatasi yangu iliyochoka.

Angalieni ile sahani lakini. Yai lilikuwa na mwenzake, ile nyama. Aliyepigwa picha ni wawili, aliyefungwa ni mmoja.

Sasa nieleze ini, maana hapa ndipo pote. Kolesteroli si sumu. Kila chembe ya mwili wako ina kolesteroli, nyongo inatengenezwa kwayo, homoni pia. Na sehemu kubwa hamuili. Mnaitengeneza wenyewe, ini likiwa mpishi mkuu. Mnajua Ramadhani jirani anapoleta bakuli la mbaazi za nazi kabla ya futari? Mama mwenye nyumba mwenye akili anatazama bakuli, anapunguza unga kwenye sufuria. Ini la watu wengi ndivyo lilivyo. Ukila yai, linapika kidogo. Usipokula, linapika zaidi. Tena utumbo wenyewe haupokei yote, nyingine inapita zake.

Kuna mzee mmoja wa Marekani, umri wake 88, madaktari walimwandika katika jarida la kitabibu la New England mwaka 1991. Alikuwa anakula mayai 25 kwa siku. Ishirini na tano! Kwa miaka kumi na mitano au zaidi, na anaandika kwenye daftari, yai kwa yai. Ulikuwa ugonjwa wa akili, hawezi kujizuia, kwa hiyo asitokee mtu kesho akaniambia mtaalamu kasema. Lakini kolesteroli yake kwenye damu ilikuwa ya kawaida. Walipompima wakakuta utumbo wake unapokea sehemu ndogo tu, na ini linageuza nyingi kuwa nyongo. Mwili wake ulikuwa unapigana kiume.

Sasa mtaniuliza, kama si yai, inayopandisha kolesteroli mbaya, ile inayojaza utando kwenye mishipa, ni nini? Hasa ni mafuta yanayoganda, yale yanayokuwa magumu yakipoa. Ini lina milango midogo, vipokezi, inayodaka kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu. Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuigundua milango hiyo. Ukila mafuta yanayoganda kwa wingi, milango inapungua, kolesteroli inabaki inazurura barabarani. Na yai lenyewe lina mafuta hayo gramu moja na nusu hivi tu. Kidogo mno.

Kwa hiyo mwenzetu yai tumuulize anatembea na nani. Twendeni kwenye kibanda cha chipsi mayai. Kijana ana karai, mafuta ni ya toka jana, meusi kama kahawa ya kashata. Viazi vimezama humo. Anavitoa, anavitia kwenye kikaango, anapasua mayai mawili juu, anaongeza mafuta tena pembeni ili isishike, chumvi anamwaga kwa mkono. Mzee anakula, wiki ijayo anapima, anaambiwa mafuta yako juu. Anarudi nyumbani anatangaza: mayai yameniponza! Mayai? Katika sahani ile yai ndilo lilikuwa na heshima zake.

(Sauti kutoka ukumbini: "Na nazi je?")

Nilijua. Tanga hii nisiposemwa kwa nazi sitoki salama. Baba yangu, mafuta ya nazi umeyaona asubuhi ya Julai? Yameganda kwenye chupa, meupe. Basi hayo ndiyo ninayosema. Tui la kwanza, lile zito, nusu kikombe lina mafuta yanayoganda zaidi ya mara kumi ya yai. Na mafuta ya nazi yamepimwa kwa watu: yanapandisha kolesteroli mbaya kuliko mafuta ya alizeti.

("Wazee wetu wamekula nazi miaka yote!")

Wamekula, ni kweli. Wamekula na samaki, wakatembea kwa miguu mpaka shamba na kurudi, na nazi moja ikilisha watu wanane. Siku hizi nazi mbili kwa watu watatu, na dereva wa bodaboda anatushushia mlangoni. Sijasema muache. Nimesema tui la pili lina ladha, na si kila siku wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha wa nazi vikutane meza moja.

Turudi kwenye yai. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa miongozo ya chakula ya Marekani ilisema kolesteroli ya kwenye chakula haistahili tena kuwekewa hofu ile, na mwongozo uliofuata ukaondoa kikomo cha miligramu 300, ingawa ulisisitiza tusizidishe. Mwishoni mwa 2019 kilekile chama cha moyo, kilichotupa viini vitatu, kikaandika upya: mtu mwenye afya anaweza kula yai zima moja kwa siku, na mzee ambaye kolesteroli yake iko sawa anaweza kufika mawili, mradi mlo wake wote uwe mzuri. Nimeisoma sentensi ile mara tatu. Mzee ndiye aliyeongezewa. Sisi tulikuwa tunamkata mzee kwanza.

Sitawaficha kwamba ubishi upo. Mwaka huohuo wa 2019 ulitoka uchunguzi wa Wamarekani karibu elfu thelathini, ukaonyesha wala mayai wengi walipata magonjwa ya moyo zaidi kidogo. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, watu zaidi ya 177,000 katika nchi 50, haukuona madhara. Mwaka 2025 Waaustralia wakatoa jaribio la watu 61: mayai mawili kwa siku, mafuta yanayoganda yakiwa machache, kolesteroli mbaya ikashuka. Pesa za jaribio hilo zilitoka upande wa wafanyabiashara wa mayai, kwa hiyo mjue. Na tafiti za kutazama watu zina shida yake: anayekula mayai mengi Marekani mara nyingi anakula na ile nyama, na mkate uliopakwa siagi. Utamtenganishaje?

Mimi hukumu yangu ni hii: kwa mzee wa kawaida, yai moja kwa siku si adui. Nimekaa na wagonjwa zaidi ya miaka thelathini, na ninachoogopa kwa mzee ni mikono na mapaja kuisha. Misuli inapungua mwaka hadi mwaka, siku moja mtu anashindwa kuinuka kwenye kigoda, siku nyingine anateleza bafuni. Wataalamu wa lishe ya wazee wanataka upate protini gramu moja hadi moja na robo hivi kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 na zaidi kidogo. Chai na andazi hazikufikishi popote. Yai moja linakupa sita, laini, halihitaji meno, halihitaji jiko la saa mbili. Na kwenye kiini ndiko zilikokaa vitamini D na B12, pamoja na virutubisho vya macho. Tulikuwa tunawaambia mtupe hivyo.

Wa kuwa na hadhari wapo. Mwenye kisukari: kuna tafiti zilizomwonyesha hatari zaidi, kuna jaribio la Sydney la mayai 12 kwa wiki ambalo halikuona shida. Kwake nasema achukue machache na azungumze na daktari wake. Mwenye kolesteroli ya kurithi, ambao ni kama mtu mmoja katika kila 250: ukoo wenye vijana wanaoanguka kwa moyo kabla ya miaka hamsini, hao wapimwe, na kanuni yao ni nyingine. Na kuna watu ambao ini lao halipunguzi unga jirani akileta bakuli. Utajijua kwa kupima tu.

Maswali mawili, muda umekwisha. Ndiyo, mama.

("Ya kienyeji si ndiyo salama?")

Matamu zaidi, nakubali, na kiini chake kina rangi. Kolesteroli haina kienyeji wala kisasa. Kama pesa yako inatosha trei ya kisasa, nunua trei ya kisasa, ule bila wasiwasi.

Baba pale nyuma.

("Mimi nameza dawa ya kolesteroli. Sasa niache, maana umesema yai halina neno?")

Hapana, hapana, nashukuru umeuliza kwa sauti. Dawa ile haikupewa kwa sababu ya yai. Inamzuia mpishi, yaani ini, na inafungua milango iongezeke. Usiiache. Na yale mayai mabichi na asali ya kurudisha nguvu, nimewasikia wakati wa chai, mkidhani sisikii: mzee akipata bakteria wa yai bichi anaharisha mpaka analazwa. Yachemsheni.

Mashine ya presha ipo pale mlangoni na nesi ameshafika. Katika ukumbi huu presha ndiyo inayotubeba wengi kuliko yai, na wengine hamjaipima toka mwaka jana. Tuanze na mstari wa nyuma. Mkono wa kushoto, shati lipandishwe, na usiongee wakati inapima.