Mbwa Chini ya Meza

Mabibi na mabwana, mtunzi wa tamthilia ni mtu mgumu kumkamata. Ukimuuliza Shakespeare kuhusu wivu, atakwambia huo ni wa Othello, mhusika wake. Kila neno limesemwa na mtu mwingine. Basi mwenyewe tumtafute wapi?

Mwaka 1935 Caroline Spurgeon, profesa Mwingereza, alichapisha jibu lake: katika tashbihi na sitiari. Alizikusanya za tamthilia zote za Shakespeare akazipanga mafungu. Mtu huchunga anachokisema, ila cha kukifananisha nacho hukichota popote mkono unapofika.

Chukueni mbwa. Katika tamthilia ya Julius Caesar, Metellus Cimber anapomwinamia kumwomba, Caesar, mtawala wa Roma, anakataa kuyeyushwa na maneno matamu na kujipendekeza kwa kimbwa. Katika Antony and Cleopatra, jemadari Antony, siku ya kushindwa, analalama kwamba waliomwandama visiginoni kama mbwa sasa wanamyeyushia Caesar mwingine, Octavius hasimu wake, utamu wao. Hamlet naye, katika tamthilia yenye jina lake, anataja ulimi wa sukari unaolamba fahari ya wakubwa. Kulamba, sukari, kuyeyuka, na kila mara yupo mtu anayejikomba. Kasisi Walter Whiter aliugundua mnyororo huo tangu 1794. Spurgeon akaongeza maelezo: mbwa mezani wakati wa chakula, wanarushiwa vitamutamu, wanalamba mikono, na Shakespeare anatazama kwa kinyaa.

Mimi namfuata nusu ya njia. Mnyororo upo, na kwa kuwa unatoka vinywani mwa watu wasiofanana hata kidogo, lazima ni wa mtunzi. Meza ile lakini ameiandaa Spurgeon mwenyewe.

Tena si kila taswira imeponyoka. Katika tamthilia ya Macbeth, nguo zisizomkaa mwenyewe zinarudi tena na tena, hadi kabaila Angus anapomwona mfalme Macbeth kama mwizi mbilikimo ndani ya joho la jitu. Hapo naona fundi aliyekusudia, na kusudi ni pazia jingine.

Ninachokiamini zaidi ni kitu kidogo. John, babake Shakespeare, alikuwa mshona glavu mjini Stratford. Katika The Merry Wives of Windsor, Mistress Quickly anauliza juu ya mtu fulani: je, hana ndevu kubwa za mviringo, kama kisu cha mshona glavu cha kukwangulia ngozi? Hadithi haikihitaji kisu hicho. Jibu ni hapana, mazungumzo yanaendelea, na hakitajwi tena.